Sindano ya Mgongo: Tuulize Kabla ya Kulipa

Mwalimu ni mtu wa kusimama. Husimama ubaoni asubuhi, huinamia madaftari jioni, na akiisha kustaafu mgongo humkumbusha miaka yote hiyo. Jirani yangu mmoja hapa mtaani Mountain View, mwalimu mstaafu, sasa hawezi kupanda matatu ya kwenda mjini bila ya kushikwa mkono. Juzi alinieleza kwamba ameshauriwa kuchomwa sindano ya mgongo inayoongozwa kwa picha, na kwamba wanawe wameanza kuchanga fedha. Akaniuliza, "Je, nitapona?"

Yafaa ieleweke kwamba sindano hiyo si uchawi. Daktari hutazama mifupa kwa eksirei inayoonyesha picha papo hapo, au viungo kwa ultrasaundi, kisha huielekeza ncha ya sindano mahali panaposhukiwa kuwa chanzo cha maumivu: karibu na neva za uti wa mgongo, au ndani ya goti au bega. Hapo hutia dawa ya ganzi pamoja na steroidi, ambayo hupunguza uvimbe. Tangu mwaka 1901 madaktari wa Paris walikuwa wakitia dawa ya ganzi sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Picha zimekuja kuongeza usahihi wa kulenga.

Hata hivyo, kulenga si kuponya. Mwezi Februari 2025, jopo la kimataifa lilishauri kwa mkazo, katika jarida la udaktari la BMJ la Uingereza, kwamba sindano hizi zisitumiwe kwa maumivu sugu ya kawaida ya mgongo, kwa kuwa faida yake ni ndogo au haipo. Baadhi ya vyama vya madaktari wanaozitumia vilipinga, vikisema wapo wagonjwa wanaopata nafuu. Kuhusu goti, uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliochomwa steroidi kila miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya waliotiwa maji ya chumvi.

Aidha, hatari zipo. Mwaka 2012 steroidi iliyoingia kuvu iliua zaidi ya watu 60 nchini Marekani. Mwenye kisukari naye ajue kwamba steroidi yaweza kupandisha sukari mwilini kwa siku kadhaa.

Je, tuvumilie tu? Hasha. Mgonjwa anayeshindwa kuzuia mkojo, au ambaye miguu yake inalegea, akimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wengi waliosalia, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilipendekeza mazoezi maalumu na mafunzo ya kumwezesha mgonjwa kuutunza mwili wake. Hayo huhitaji subira, lakini gharama yake haifilisi ukoo.

Nilimjibu jirani yangu hivi: Mwalimu, kabla wanao hawajalipa, muulize daktari ni neva au kiungo gani anachokilenga, nafuu yatarajiwa kudumu kwa muda gani, na ni mazoezi gani yatakayofuata. Daktari mwema hatakasirika. Miaka yote uliwahimiza wanafunzi wako kuuliza wasichokielewa. Sasa ni zamu yako kuinua mkono.