Ada ya Kughairi Isifichwe

Kila ukaribiapo mwezi wa Desemba, wana wa Mbulu na Hanang wafanyao kazi Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko huanza kuhesabu siku za likizo. Zamani mtu alikwenda kituoni, akamlipa karani nauli, akapewa kipande cha karatasi. Leo wengi hukata tikiti ya ndege ya Kilimanjaro kwa simu, hukodi chumba cha kulala Arusha kabla ya kushika njia ya Babati, na wenye uwezo huwalipia wazazi wao siku mbili tatu za kupumzika pwani. Hatuna ugomvi na chombo hicho. Ugomvi wetu ni juu ya yale yamkutayo mfanyakazi siku alazimikapo kughairi.

Siku hiyo ndipo agunduapo kwamba bei iliyomvutia ilikuwa nafuu kwa sababu moja, nayo ni kwamba fedha hairudishwi. Hatusemi kuwa maneno hayo hayakuwapo. Yalikuwapo, kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza, mbali na kitufe kikubwa cha kulipia. Hoteli yaweza kumtoza malipo ya usiku wa kwanza, au ya siku zote. Wakala wa mtandaoni aliyekaa katikati naye ana ada yake, mbali na ile ya shirika la ndege. Bei ikiwa ilipangwa kwa dola, hata kile kidogo kinachorudi chaweza kugeuzwa shilingi kwa kiwango kingine, na makato ya benki au ya simu ndiyo yamekwenda. Saa nazo zina hila. Aliyeambiwa kwamba aweza kughairi bure hadi tarehe fulani hajui kama siku hiyo yaishia adhuhuri au usiku wa manane, wala kama ni saa za kwetu au za huko aliko mwenye mtambo.

Watu wetu si wageni wa kupoteza fedha kwa kughairi. Mnunuzi wa ng'ombe mnadani Katesh akitoa arubuni kisha asirudi, hawezi kumlaumu mfugaji aliyewakataa wengine kwa ajili yake. Vivyo hivyo mwenye nyumba ya wageni mjini Mbulu aliyekiacha chumba kitupu usiku wa Krismasi amepata hasara ya kweli, na yeye pia ni mtu wa jasho. Ada ya kumfidia ni halali, nasi twaitetea. Lakini arubuni hutajwa kwa mdomo, mbele ya watu, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kisha iko tofauti kati ya aliyebadili nia na aliyezuiwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliporomokea Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na barabara zikazibwa kwa tope, mawe na miti. Msiba ule ulikuwa mkubwa mno hata si vema kuutaja pamoja na hesabu za tikiti, nasi twautaja kwa sababu moja tu. Mtu aliyekuwa amelipia mapumziko yake Zanzibar juma lile, akaacha yote ili akazike ndugu zake, angehesabiwa na sharti la "hairudishwi" sawasawa na yule aliyechoka tu na safari. Sharti lisilojua kutofautisha watu hao wawili lina kasoro.

Wenzetu wamelitazama jambo hili. Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 yataja, miongoni mwa masharti yawezayo kuhukumiwa kuwa si ya haki, lile limtozalo mteja fidia kubwa isiyo na uwiano. Hapa petu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kumpotosha mlaji, na iko Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Twaomba Tume iyatazame makampuni yauzayo safari kwa simu, iyatake yaandike ada ya kughairi kwa Kiswahili, kwa shilingi, pamoja na saa ya mwisho, juu ya kitufe cha kulipia wala si chini yake.

Liko jingine, nalo lawahusu wafanyakazi hasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, na yampa mwajiri uwezo wa kupanga wakati wake. Basi tumfikirie mwalimu au karani aliyepewa ruhusa kwa maandishi, akalipia safari ya watu wanne, kisha akaitwa siku mbili kabla na kuambiwa likizo imesogezwa. Mtambo wamtoza yeye, ingawa aliyeghairi ni mwingine. Vyama vya wafanyakazi vikaapo kujadili mikataba ya hali bora, na viliweke neno hili mezani: mwajiri akifuta likizo aliyokwisha kuiidhinisha, ada ya kughairi ailipe yeye, kwa kuonyeshwa risiti.