SOMO LA HESABU: RAMANI NDOGO NA RAMANI KUBWA

Leo tutajifunza kutambua kama umbo dogo na umbo kubwa ni mfano mmoja. Shikeni karatasi, penseli na rula.

Zamani njia za misafara ziligawanyika Unyanyembe, penye Tabora ya leo. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, nyingine kaskazini. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka hapo wakafika Ujiji, wakarudi. Kisha Speke akashika njia ya kaskazini, akaliona Ziwa Viktoria karibu na Mwanza.

Tuchore miji hiyo mitatu. Sentimeta 1 iwe kilometa 50. Tieni nukta, iandikeni Tabora. Kutoka hapo pigeni mstari wa sentimeta 7 kwenda kushoto, yaani magharibi. Mwisho wake ni Ujiji. Rudini Tabora, pigeni mstari wa sentimeta 5 na nusu kwenda juu, yaani kaskazini. Hapo ni Mwanza. Unganisheni Mwanza na Ujiji, mtapata karibu sentimeta 9. Pembe ya Tabora ni karibu digrii 90. Kumbukeni kwamba hii ni mistari iliyonyooka; njia yenyewe hupinda, nayo ni ndefu zaidi.

Sasa tunataka ramani kubwa zaidi. Sentimeta 1 iwe kilometa 25. Kila upande tunauzidisha kwa 2: 7 inakuwa 14, 5 na nusu inakuwa 11, na 9 inakuwa 18. Pimeni pembe: hazikubadilika. Huu ni mfano halisi.

Lakini yuko atakayesema: "Saba imekuwa 14, yaani imeongezeka 7. Basi nami nitaongeza 7 kila upande." Atapata 14, 12 na nusu, na 16. Je, ni sawa? Tugawanye. 14 kwa 7 ni 2. Lakini 12 na nusu kwa 5 na nusu ni zaidi ya 2, na 16 kwa 9 haifiki 2. Namba ni tatu mbalimbali, kwa hiyo ramani hii ni ya uongo. Tena pembe ya Tabora imepungua, imekuwa karibu digrii 74.

Na uongo huo una gharama. Tabora na Ujiji zimekaa mahali pake, lakini Mwanza imeinama upande wa magharibi. Msafiri akiifuata ramani hiyo, atatoka Tabora akielekea Geita huku akidhani anakwenda Mwanza. Baada ya safari ya siku nyingi atakuwa mbali na Mwanza kwa zaidi ya kilometa 70, na chakula kimekwisha.

Basi shikeni mambo mawili. Kwanza, pembe zote zibaki zile zile. Pili, kila upande uzidishwe au ugawanywe kwa namba moja tu. Kuongeza au kutoa kiasi kile kile kila upande hakutoshi.

Zoezi la nyumbani: Fundi seremala ana mlango wenye upana wa sentimeta 90 na urefu wa sentimeta 210. Anataka mlango mdogo wa mfano ule ule, upana sentimeta 60. Je, urefu uwe 180 au 140? Fanyeni hesabu kabla mbao hazijakatwa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.