Kijana wa Kikatiti na Lugha za Bara Hindi

Mtoto wa Kikatiti, kando ya barabara iendayo Moshi kutoka Arusha, hujifunza Kimeru kwa mamaye, Kiswahili kwa wenziwe na Kiingereza kwa mwalimu. Basi akisema kuwa ataka kusomea shahada ya lugha za Bara Hindi, wazee humwuliza, "Zitakufaa nini?" Swali hilo ni la haki, tena lastahili jibu.

Maneno gari, bima, laki, hundi na chapati yametujia kutoka huko. Lakini faida kubwa haimo katika maneno hayo; imo katika daftari. Wahindi wengi waliofungua maduka katika Tanganyika waliandika hesabu zao kwa Kigujarati: nani amekopa nguo, nani amelipa, mazao yamenunuliwa kwa bei gani. Mwaka 1923 Serikali ya Kiingereza ilitaka hesabu ziandikwe kwa lugha ambayo maofisa wake waliweza kuisoma. Wahindi wakafunga maduka kwa wiki kadhaa, kuipinga amri hiyo pamoja na kodi mpya. Maofisa hawakuweza kuzisoma daftari zile, na wasomi wetu wengi hawawezi hata leo. Deni la babu limeandikwa, mjukuu mwenye shahada ya historia alitazama kama atazamaye nyayo za ndege. Na mchwa hawamngoji ajifunze.

Kujifunza kwenyewe si kazi ya mchezo. Katika Kigujarati, kama katika Kihindi, kitendo huja mwisho wa sentensi, ni kama kusema "mimi chai nanywa". Tena ziko sauti zitolewazo kwa pumzi nyingi, na pumzi hiyo hugeuza maana. Watu wa Mombasa hawatashangaa, maana wao hutofautisha vivyo hivyo paa wa mwituni na paa la nyumba. Kihindi na Kiurdu karibu ni lugha moja vinywani, ila Kiurdu huandikwa kwa herufi za asili ya Kiarabu, kutoka kuume kwenda kushoto. Hati ya Kigujarati yafanana na ile ya Kihindi, lakini haina mstari juu ya herufi. Na mwanafunzi ajihadhari: wenye maduka wengi walisema Kikachi nyumbani, wakaandika Kigujarati dukani. Aliyesoma kitabu tu ataielewa daftari, asimwelewe mwenyewe.

Kigujarati husomeshwa katika vyuo vikuu vya Baroda na Ahmedabad, na Kihindi kwa wageni katika chuo cha Agra. Baraza la Uhusiano wa Utamaduni la India, lililoanzishwa mwaka 1950, hutoa misaada ya masomo kwa vijana wa Afrika. Chuo Kikuu cha Delhi nacho husomesha Kiswahili, kwa hiyo kijana wetu aweza kupata huko wa kubadilishana naye masomo. Lakini kabla ya safari, na aende Arusha mjini, amwombe mzee wa duka amwonyeshe tarakimu za Kigujarati. Ni kumi tu, na ndizo zilizojaa katika daftari zile.