Vyombo vya Zamani Vinapohamia Sebuleni

Kupamba nyumba kwa vyombo vya mezani na jikoni ni desturi ya siku nyingi katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa zidaka, safu juu ya safu, na ndani yake zikapangwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Vyombo vya namna hiyo vilipachikwa hata makaburini. Nguzo ya kaburi la Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ilipambwa kwa mabakuli ya Kichina, na makaburi ya Kunduchi, Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani. Nyingi zimeng'olewa, lakini mashimo ya duara yaliyobaki kwenye chokaa yanaonyesha zilikokaa.

Vyombo vinavyostaafu siku hizi ni vya aina nyingine. Mashine za kukoboa zimepunguzia kinu kazi, umeme umeisukuma pembeni pasi ya mkaa, na chemli imeipisha taa ya sola. Katika kuchagua, la kwanza ni kuhakikisha chombo kimemaliza kazi kweli, kwa maana kinu ambacho bibi bado anatwangia kisamvu hakina sababu ya kuhamishwa jikoni. La pili ni kuacha asili yake ionekane. Pasi ya mkaa iliyopakwa rangi ya dhahabu kuanzia mpini hadi kitako imepoteza kile kilichoifanya ipendeze.

Kinu chenyewe ni chepesi kugeuzwa. Kikiwekewa kioo kinene cha duara juu, kinakuwa meza ndogo ya pembeni. Msasa upite nje tu, kwa sababu ulaini wa ndani, uliotokana na miaka ya kutwangiwa, hauwezi kuigizwa na fundi yeyote. Adui wa kinu ni ufa. Kimechongwa kutoka gogo zima, na gogo linapokauka husinyaa zaidi kuuzunguka mzingo wake kuliko kuelekea kwenye kiini, ndipo mti hupasuka. Kwa hiyo kinu kilichooshwa kikaushwe kivulini, polepole, kisha kipakwe mafuta ya mbao. Mchi wake, ukifungwa ukutani kwa vishikizo viwili, unafaa kutundikia taulo.

Mbuzi ya kukunia nazi huvutia kwa jinsi inavyojikunja, na wengine huitumia kama kigoda cha kuwekea vitabu. Kile chuma chenye meno, hata hivyo, king'olewe au kifunikwe kabla mtoto hajakifikia. Mtungi nao una tabia yake. Udongo wake hupitisha maji kidogo kidogo hadi nje, ambako upepo huyakausha na kuondoka na joto. Hivyo ndivyo unavyoyapoza. Ukitiwa maji ya maua na kuwekwa juu ya kabati, utalowesha mbao. Dawa ni kutumbukiza chupa ndani yake na kuyaweka maua humo.

Cherehani ya miguu inastahili fundi mzuri. Kichwa kinapokufa, miguu yake ya chuma cha kusubu, yenye mapambo na mara nyingi jina la Singer katikati, hubaki imara. Ubao wa mninga ukifungwa juu yake, inapatikana meza ya kuandikia isiyotikisika. Mkanda uondolewe na kanyagio lifungwe lisicheze, la sivyo litabana vidole vya miguu.

Utajiri mkubwa zaidi wa pwani uko katika mbao za vyombo vya baharini. Jahazi au mashua iliyochakaa hupasuliwa, na mafundi wa Lamu hutengeneza kwa mbao zake fremu za vioo, viti na meza. Ubao wa aina hii hutambulika upesi: una tabaka za rangi zilizobanduka, na pale msumari ulipopita pana tundu lililozungukwa na duara jeusi la kutu. Fundi huanza kwa kutafuta vipande vya misumari vilivyozama, maana kimoja tu kinatosha kuharibu msumeno. Chumvi iliyoingia katika mbao huozesha misumari ya kawaida, hivyo skrubu za shaba au vigingi vya mti ndivyo hudumu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi hiyo isisuguliwe ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, kazi ifanyike nje, na anayeifanya avae barakoa.

Kanga zilizopauka ni laini kuliko mpya, na hushoneka vizuri kuwa foronya za mito ya makochi. Mshonaji makini hukata akianzia kwenye jina, ili maneno yakae mbele ya mto yakiwa kamili, kisha pindo huzungushwa kandokando. Masinia na mabirika ya shaba hung'arishwa kwa ndimu na chumvi, yakasuuzwa upesi na kukaushwa, kwani asidi ikiachwa huacha madoa.

Chemli au mtungi unaogeuzwa kuwa taa ya umeme uwekewe balbu ya LED, ambayo haitoi joto jingi. Tundu la waya lizungushiwe mpira ili waya usichubuke, na chombo cha chuma kiungwe na waya wa ethi. Matairi na ndoo zinazopandwa maua zitobolewe chini. Mbu aina ya Aedes hutaga mayai katika vyombo vyenye maji yaliyotuama karibu na nyumba, na ndio waenezao homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Tairi litobolewe matundu kadhaa kuzunguka upande wa chini, kwa sababu mkunjo wake wa ndani hushika maji hata baada ya kujazwa udongo.