Mashine za Machimboni (5): Sili Iliyokufa Ichunguzwe Kabla ya Kununua Nyingine

Oktoba 2025 bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, na kuanzia Geita hadi Chunya ni vigumu kumpata mwenye leseni ya uchimbaji anayevumilia kuona eskaveta yake imesimama. Kwa kuwa sehemu zilizopita za mfululizo huu zilieleza pampu, vali na silinda, leo tunashuka hadi kwenye kipuri kidogo ambacho mara nyingi ndicho kinachoisimamisha mashine yote: sili, pete inayozuia mafuta yasivuje. Hoja yangu ni kwamba sili ya kubadilisha huchaguliwa kwa ushahidi ulioachwa na ile iliyokufa, pamoja na vipimo vya silinda yenyewe, na kwamba uchunguzi huo ni kazi ya kitaalamu inayostahili kupewa muda na kulipwa. Wengi wanaichukulia kama safari ya dukani tu.

Historia inaniunga mkono. Mwaka 1795 Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji, iliyotumia kanuni ya Pascal tuliyokwisha kuieleza, kwamba shinikizo ndani ya kimiminika kilichofungiwa huenea sawa pande zote. Katika hesabu haikuwa na kasoro, lakini karakanani ilivuja. Ukikaza vifungashio kuizunguka pistoni ili maji yasipite, pistoni iling'ang'ania na kukataa kurudi. Ukivilegeza ili irudi, maji yalipenya na nguvu ikapotea. Kwa maelezo ya Samuel Smiles katika kitabu chake cha mwaka 1863, aliyelifungua fundo hilo hakuwa Bramah bali kijana aliyefanya kazi karakanani kwake, Henry Maudslay. (Wapo wanaompa sifa hiyo Benjamin Hick wa Bolton, mimi nasimama na Smiles.) Ngozi ilipindwa ikawa pete yenye midomo, na midomo hiyo ikaelekezwa upande wa maji. Shinikizo linapopanda, maji yenyewe huitanua midomo na kuibana kwenye chuma, na kadiri linavyozidi ndivyo inavyobana zaidi. Linaposhuka, midomo hulegea na pistoni hurudi. Sili ya rodi ya eskaveta ya leo hutengenezwa kwa poliyurethani badala ya ngozi, na huzuia mafuta yenye shinikizo linaloweza kufika baa 350, lakini bado inafuata wazo hilo hilo baada ya zaidi ya miaka 200.

Yaliyofuata yanafaa kusomwa na kila mwenye mgodi. Mwaka 1797 Maudslay, ambaye kwa wakati huo alikuwa msimamizi wa karakana, aliomba nyongeza juu ya mshahara wake wa shilingi 30 kwa wiki. Alikataliwa, akaondoka, akafungua karakana yake mwenyewe London. Huko alitengeneza maikromita ya mezani iliyoitwa Lord Chancellor, jina la jaji mkuu wa nchi, kwa sababu uamuzi wake juu ya kipimo haukuwa na rufaa. Sioni kwamba imetokea kwa bahati tu kuwa mtu anayetajwa kuelewa mdomo wa ngozi ndiye pia aliyeshikilia usahihi wa vipimo kwa uchungu namna ile. Mwajiri wake, mvumbuzi hodari, alishindwa kuipa thamani akili iliyokuwa ikifanya kazi mbele ya macho yake. Waajiri wa namna hiyo hawajaisha. Mtu hununua mashine kwa mamia ya mamilioni ya shilingi, kisha huona ni anasa kumnunulia fundi kalipa na maikromita.

Nini basi fundi achunguze? Mdomo wenye mikwaruzo inayofuata urefu wa rodi unashuhudia uchafu. Dhahabu ya kanda ya Ziwa mara nyingi hukaa pamoja na kwatzi, jiwe lenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, gumu kuliko chuma cha kawaida, na vumbi lake hunata kwenye utando wa mafuta juu ya rodi na kuvutwa ndani. Hapo wa kulaumiwa kwanza ni sili ya vumbi, ile ya nje, ambayo wengi huiacha ya zamani ili kuokoa fedha kidogo. Mdomo mgumu uliopasukapasuka unashuhudia joto, na sili iliyovimba na kulainika inashuhudia mafuta yasiyopatana nayo. Iliyomeguka kwenye kisigino, yaani upande wake wa nyuma usioelekea shinikizo, imekuwa ikisukumwa na shinikizo kuingia kwenye mwanya uliopanuka, kwa kawaida kwa sababu pete za kuongozea zimelika. Iliyolika upande mmoja inatuambia tuikague rodi kama imepinda. Katika hali hizo mbili za mwisho, sili mpya ya gharama yoyote itakufa kifo kile kile, kwa kuwa ugonjwa uko kwenye chuma.

Kuhusu malighafi, wapo wanaodai kwamba dawa ni kununua mpira wa fluorini, ule unaostahimili hadi nyuzi joto 200 za Selsiasi, na kuufunga kila mahali. Sikubaliani nao. Kustahimili joto si sawa na kustahimili kusuguliwa, na kwenye vumbi la kwatzi poliyurethani ngumu humshinda mwenzake wa bei ghali. Mafuta yakifika karibu nyuzi 100 mara kwa mara, kwanza tafuta kwa nini kipoza joto hakifanyi kazi. Mashine ikishinda kwenye maji na tope, uliza kama poliyurethani hiyo ni ya jamii ya etha, maana ile ya esta huoza taratibu maji ya moto yanapoingia kwenye mafuta. Na kipimo kichukuliwe kwenye mfereji wa silinda na kwenye rodi, kamwe kisichukuliwe kwenye sili ya zamani, ambayo imekwisha kuvimba au kusinyaa.

Pingamizi zito zaidi ni la anayesema kwamba seti halisi ya mtengenezaji inatosha, kwa hiyo uchunguzi wa nini? Kwa silinda nzima, inayofanya kazi katika mazingira aliyoyatarajia mtengenezaji, anasema kweli. Lakini silinda nyingi zilizopo machimboni zimekwisha kukerezwa, rodi zimepakwa kromu upya, na mfereji hauna tena kipimo kilichoandikwa kitabuni. Mwingine atasema sili ya bei rahisi itamvusha wiki hii ya mzigo. Huyo asahau bei ya sili, ahesabu gharama ya kushusha silinda, mafuta yanayomwagika, na mashine inayosimama. Hizo hulipwa zote kila mara silinda inapofunguliwa, iwe sili ni nzuri au mbovu. Ajumlishe pia rodi, kwani mchanga uliopitishwa na sili dhaifu hukwaruza kromu, na kuipaka upya ni kazi ya karakana kubwa ambazo wilaya nyingi za machimbo hazina.

Hata kufunga kunahitaji subira. Silinda iliyofunguliwa hubaki na hewa ndani, na hewa hiyo ikibanwa ghafla pamoja na ukungu wa mafuta huweza kuwaka kama ndani ya injini ya dizeli na kuunguza sili. Kwa hiyo mkono wa mashine huinuliwa na kushushwa polepole, bila mzigo, mara kadhaa, hadi hewa itoke. Fundi aliyeamriwa kwamba mashine ianze kuchimba mara boliti ya mwisho inapokazwa hanyimwi zaidi ya dakika chache, lakini dakika hizo ndizo zinazoamua kama sili aliyoipima asubuhi itafika jioni ikiwa nzima.