Makaa ya Mawe Katika Lamu: Haki ya Kuulizwa kwa Wakati (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi kampuni ya Amu Power ilivyokusudia kujenga huko Kwasasi, bara ya Lamu, mtambo wa kuzalisha megawati 1,050 za umeme kwa makaa ya mawe, na jinsi Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ijulikanayo kwa ufupi kama NEMA, ilivyoupa mradi huo leseni mwezi wa Septemba 2016. Leo twataka kubainisha sababu ya leseni hiyo kufutwa, kwa kuwa wengi, hata miongoni mwa walioshangilia, wanadhani kuwa makaa ya mawe yalipigwa marufuku katika Kenya, jambo ambalo halikutukia.

Mtu asiyepata kufika Lamu aweza kudhani kuwa wenyeji walikuwa wakikikimbia kitu kwa sababu ya upya wake tu. Sivyo hata kidogo. Kwasasi ipo upande wa kaskazini wa mji, kiasi cha kilomita 20, na kila ajuaye kutweka tanga anajua kuwa kaskazi ikishika, kwa muda wa miezi, upepo hutoka huko ukaja huku. Basi moshi wa bomba lenye urefu wa mita 210 ulikuwa na njia yake tayari. Fauka ya moshi palikuwa na jivu, ambalo aghalabu huwa na zebaki na aseniki, na ambalo lingerundikwa karibu na pwani mwaka baada ya mwaka. Tena palikuwa na maji ya kupozea mitambo, yavutwe kutoka baharini na kurudishwa yakiwa na joto katika ghuba ambayo mikoko na matumbawe yake ndiyo mazalio ya samaki, kaa na kamba. Mvuvi wa madema hawezi kuihama ghuba kama mchuuzi ahamavyo kibanda.

Insafu yatutaka tuseme pia hoja ya upande wa pili. Serikali ilitangaza mwaka 2013 kuwa itaongeza megawati 5,000 za umeme kwa miezi 40, na vijana wa Lamu, ambao kazi kwao ni adimu, wako waliouona mtambo huo kuwa ni mlango wa riziki. Walakini hata mwaka 2019 mahitaji ya nchi nzima, katika saa za matumizi makubwa kabisa, hayakutimia megawati 2,000, na mkataba wa kununua umeme wa Lamu ulikuwa wa miaka 25. Hesabu hiyo, kwa rai yangu, ilitosha kuwatia wakubwa shaka kabla ya mvuvi yeyote kusema neno.

Sasa tuje kwenye sheria. Kanuni za mwaka 2003 mintarafu ya uchunguzi wa athari za miradi kwa mazingira zinamtaka mwenye mradi, wakati wa uchunguzi huo, abandike matangazo mahali penye watu, atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, kisha afanye mikutano isiyopungua mitatu na wale watakaopatwa na athari, ili awaeleze mambo na apokee maoni yao. Wenyeji, chini ya umoja wao uitwao Save Lamu, walikata rufani mwezi wa Novemba 2016 wakidai kuwa hayo hayakufanywa ipasavyo.

Kampuni ilijibu kuwa mikutano ilifanywa, na kweli ilifanywa. Lakini ilikuwa mikutano ya kuujulisha mradi, iliyotangulia uchunguzi wenyewe. Na ripoti ilipokwisha kuandikwa, ikiwa kitabu kikubwa cha elimu ya kitaalamu kwa Kiingereza, hakuna aliyerudi kwa watu akawaambia: haya ndiyo tuliyoyaona kuhusu moshi, jivu na bahari yenu, nanyi mwasemaje? Mtu ataulizwaje rai yake juu ya madhara ambayo bado hayajapimwa? Kukusanya saini za waliohudhuria na kuwapa soda si kuwashauri.

Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira liliifuta leseni. Lilisema kuwa bila ya umma kushirikishwa uchunguzi hauna uhai, hata ripoti ikiwa nene na nzuri namna gani. Likaona tena kuwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Wala halikumfungia mwenye mradi mlango: liliacha nafasi ya kufanya uchunguzi mpya. Kampuni ilikata rufani, na mwezi wa Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaiunga mkono hukumu ya Jopo.

Msomaji unayekaa karibu na mradi wa namna hii, popote katika Kenya, usingoje mashine zishuke bandarini. Iulizie ripoti mapema, utake ufafanuzi wake kwa lugha uielewayo, na weka kumbukumbu ya kila mkutano: tarehe yake, waliosema, na yaliyosemwa. Leseni ikitolewa nawe hukuridhika, muda wa kukata rufani mbele ya Jopo ni siku 60.