Swichi Isiyo na Kitufe

Wengi hudhani mashine ya MRI ikizimwa jioni, sumaku yake nayo huzimika. Haizimiki. Hata umeme ukikatika hospitali nzima, sumaku hiyo bado inaweza kumpokonya muuguzi mtungi wa oksijeni wa chuma, kwa sababu mkondo unaozunguka ndani yake hautegemei tena umeme wa ukutani.

Koili ya sumaku hiyo ni ya supakondakta, kwa kawaida aloi ya niobi na titani, iliyopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi -269 za Selsiasi. Katika baridi hiyo ukinzani hutoweka. Heike Kamerlingh Onnes, aliyegundua jambo hilo Leiden mwaka 1911, alionyesha mwaka 1914 kwamba mkondo huendelea kuzunguka katika koili ya risasi bila chanzo chochote.

Lakini mkondo huo unaingizwaje, kisha duara linakamilishwaje? Swichi ya kawaida haifai: pale vyuma vyake vinapogusana pana ukinzani, na hata ukiwa mdogo kabisa utaumaliza mkondo taratibu. Kwa hiyo swichi yenyewe ni waya wa supakondakta unaounganisha ncha mbili za koili, ukiwa na hita ndogo pembeni. Fundi akiwasha hita, waya hupata ukinzani na mkondo kutoka kwenye chanzo huingia koilini. Ukishafika mamia ya ampea, hita huzimwa, waya hupoa, na chanzo hupunguzwa hadi sifuri. Mkondo sasa hupita kwenye swichi na kuzunguka wenyewe, kwa miaka.

Kinachonivutia zaidi ni waya huo. Katika koili, nyuzi za supakondakta huzungukwa na shaba, ili sehemu ikipata joto ghafla mkondo uwe na pa kupitia. Katika swichi, shaba ingeharibu kila kitu, kwani ingepitisha mkondo hata hita ikiwaka. Wahandisi huweka aloi ya shaba na nikeli, ambayo hupitisha umeme vibaya. Wamechagua ubovu huo kwa makusudi, na gharama yake ni kwamba swichi huungua kwa urahisi zaidi.

Ndiyo maana kuuondoa mkondo kwenye sumaku huanza kwa kurudisha chanzo na kukilinganisha na mkondo uliomo. Hita ikiwashwa kabla ya hapo, nishati ya koili huishia kwenye waya huo mwembamba.